Mapambo ya kale yatokanayo na wanyama: Urithi wa babu au nyara ya Serikali?

BANGILI iliyosokotwa kwa nywele za mkia wa tembo ni kitu kidogo kinachoweza kukaa miaka mingi ndani ya sanduku la nguo bila mtu kukikumbuka. Kwa wenye nyumba ni kumbukumbu ya babu au bibi. Kwa mnunuzi wa vitu vya kale ni pambo adimu lenye bei nzuri. Kwa ofisa wanyamapori ni nyara ya Serikali, mpaka aliyekutwa nayo athibitishe vinginevyo.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika maeneo kama Kata ya Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na katika miongo ya karibuni umepokea pia wafugaji wengi wa Kisukuma. Ndani yake imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilometa za mraba 4,471, yenye tembo, simba, viboko na twiga. Katika nchi ya namna hiyo, binadamu na mnyama wamekuwa majirani tangu zamani, na si ajabu kwamba mapambo ya wazee yalitokana na wanyama hao.

Ili kuelewa kwa nini pambo lililokuwa alama ya heshima limegeuka kuwa jambo la mahakamani, hapana budi kuangalia kwanza pambo lenyewe lilikuwa nini, lilitoka wapi na lilipataje thamani yake.

Konokono wa bahari kifuani mwa mtemi

Pambo lililoheshimiwa kuliko yote katika nchi za bara, kuanzia Unyamwezi hadi kusini-mashariki mwa Kongo na Zambia, halikutokana na mnyama wa porini. Lilitokana na konokono wa Bahari ya Hindi, mwenye gamba gumu la umbo la pia. Fundi alikata sehemu pana ya gamba hilo, akaisugua juu ya jiwe mpaka ikawa kisahani cheupe chenye mzunguko unaojiviringa kuelekea katikati, kisha akakitoboa ili kipitishwe uzi. Kisahani hicho kilivaliwa shingoni, kifuani au katika paji la uso.

Nchini Zambia pambo hilo hujulikana kwa jina la mpande. Huko Ingombe Ilede, karibu na Mto Zambezi, makaburi ya kale yaliyogunduliwa mwaka 1960 yalikutwa na visahani vya aina hiyo pamoja na shanga, shaba na dhahabu. Kimoja kilikuwa kimewekewa bamba la dhahabu kwa nyuma. Makaburi hayo yanaonyesha kuwa biashara ya magamba ya baharini ilifika mbali bara tangu zamani.

Mmisionari David Livingstone alikutana na pambo hilo mapema mwaka 1854, alipokuwa kwa mtawala Shinte wa Walunda, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia. Shinte alimvika shingoni kipande cha gamba hilo kama ushahidi wa urafiki. Livingstone aliandika baadaye kwamba wapagazi wake walimweleza kuwa magamba mawili yalitosha kumnunua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu.

Thamani hiyo haikutokana na urembo peke yake. Pwani, konokono huyo hakuwa na cheo chochote. Kila siku ya safari kuelekea bara ilimwongezea bei, kwa sababu ni wachache walioweza kumfikisha huko na ni mtawala tu aliyeweza kumzuia asivaliwe na kila mtu. Kwa maneno mengine, aliyevaa gamba lile alikuwa akivaa umbali. Kwa watemi, alama hiyo iliambatana na nyingine za mnyama wa nchi kavu, hususan ngozi na kucha za simba, ambazo raia wa kawaida hakuruhusiwa kuzivaa apendavyo.

Nywele za twiga, waya wa shaba

Wanawake nao walikuwa na pambo lao lililohitaji ustadi mkubwa zaidi. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Unyamwezi waliandika habari za sambo, yaani vikuku vyembamba vya miguuni vilivyotengenezwa kwa kuzungushia waya mwembamba juu ya kiini cha nywele za mkia wa tembo, twiga au pundamilia. Mwanamke mmoja aliweza kuvaa vikuku vingi kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, kutoka kifundo cha mguu kwenda juu.

Kazi hiyo ilikuwa ya wahunzi. Waya mnene wa shaba nyeupe ulioletwa na misafara kutoka pwani, uliofahamika kama masango, ulipashwa moto na kuvutwa kupitia matundu ya chuma, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Nywele za mnyama zilifaa kuwa kiini kwa sababu ni imara, hupindika bila kukatika na haziozi upesi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyepita Ukawendi, yaani nchi ya Wabende, mwaka 1871 alipokuwa akienda Ujiji na tena mwaka 1872 akirudi Tabora pamoja na Livingstone, alilinganisha mali za msafara wake na sarafu za Ulaya. Shanga alizifananisha na sarafu za shaba, nguo na fedha, na waya na dhahabu kwa nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika. Hivyo mwanamke aliyevaa sambo nyingi alikuwa amebeba miguuni mwake fedha za kigeni za wakati ule, zikiwa zimezungushiwa nywele za mnyama wa nyumbani kwao.

Pembe za bara mikononi mwa maharusi wa India

Wakati gamba la bahari likipanda bara, pembe za ndovu zilikuwa zikishuka pwani. Misafara ilizipeleka Tabora, kisha Bagamoyo na Zanzibar. Kutoka huko sehemu kubwa ilivushwa hadi Bombay, ambako mafundi wa Gujarat, Kachchh na Rajasthan walizichonga bangili za maharusi. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini kwa mchongaji na hazipasuki kwa urahisi. Nyingine zilikwenda Ulaya na jimbo la Connecticut nchini Marekani, zikawa vibonyezo vya piano, vitana na mipira ya biliadi.

Hapo ndipo penye fundisho la historia hii. Mtemi wa bara alijipamba kwa mnyama wa bahari ambaye hakumwona akiwa hai, naye bibi harusi wa India alijipamba kwa mnyama wa bara ambaye hakumwona porini. Kila upande ulithamini zaidi kile kilichotoka mbali. Tofauti ni kwamba konokono aliokotwa kwa maelfu bila kilio kikubwa, lakini kila jozi ya pembe ilimaanisha tembo mmoja ameanguka, na mara nyingi mpagazi au mtumwa aliyetembea maili nyingi na mzigo begani.

Mtindo wa Ulaya

Si sahihi kudhani kuwa mapambo ya namna hii yalikuwa ya Afrika pekee. Malkia Victoria wa Uingereza alipochumbiwa na Prince Albert mwaka 1839, pete yake ilikuwa na umbo la nyoka, ikiwa ishara ya upendo usio na mwisho. Katika miongo iliyofuata, maofisa wa Kiingereza waliokuwa India walipeleka kwao kucha za chui milia zilizofungwa kwa dhahabu, zikavaliwa kama vidani na vishikizo vya nguo.

Mwaka 1865, sonara Harry Emanuel wa London alipewa hataza ya njia ya kuweka vichwa na manyoya ya ndege wadogo katika vidani na hereni. Katika miaka ya 1880 ilitengenezwa seti ya mapambo ya Lady Granville, mke wa waziri mmoja wa Uingereza, ambayo mahali pa vito ina mbawakawa wa kijani wa Amerika ya Kusini. Seti hiyo ipo hadi leo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London.

Mapambo hayo yanatafutwa sana na wakusanyaji. Kutokana na hali hiyo, kucha ya simba au bangili ya pembe inayotoka kijijini Tanzania inaweza kupata mnunuzi ng'ambo ambaye hatauliza maswali mengi. Anayeachwa na maswali ni aliyeiuza.

Sheria inasemaje

Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi CITES, ulitiwa saini mwaka 1973, na Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotoa hoja, tembo wa Afrika aliwekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba huo, na biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku kuanzia Januari 1990. Mwaka huo huo wa 1989 Serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya ujangili.

Ujangili haukuisha. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na tembo 109,051. Ile ya mwaka 2014 ilipata 43,330. Kwa miaka mitano nchi ilikuwa imepoteza takriban tembo sita katika kila kumi.

Ndani ya nchi, msingi wa jambo hili ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa mujibu wa sheria hiyo, nyara si pembe na ngozi tu, bali pia meno, mifupa, kucha, kwato, nywele, manyoya na mayai ya mnyama wa porini, pamoja na vitu vilivyotengenezwa kutokana na viungo hivyo. Kumiliki nyara ya Serikali bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 86, ambacho kwa makosa mazito kinataja kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Aidha, mzigo wa kuthibitisha kuwa umiliki ni halali humwangukia mshitakiwa, na makosa ya aina hiyo yanaweza kushughulikiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kusema "hiki ni cha babu" si kibali. Umri wa kitu unaweza kuwa sehemu ya maelezo, lakini bila hati hauthibitishi kitu. Kauli hiyo hiyo inaweza kutolewa na mrithi mwaminifu na jangili aliyeivukiza bangili mpya kwa moshi ili ionekane ya zamani, na ofisa hana namna ya kuwatofautisha kwa macho.

Upande wa pili ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda mabaki ya kale na vitu vya utamaduni na kuzuia visipelekwe nje ya nchi bila leseni. Kwa hiyo kidani cha mtemi chenye kucha za simba kinaweza kuguswa na sheria zote mbili kwa wakati mmoja: moja inakiona kama nyara, nyingine inakiona kama hazina ya Taifa. Hakuna hata moja kati yake inayokiona kama bidhaa ya kuuzwa kando ya barabara.

Nchi za nje nazo zimebana. China ilifunga soko lake la ndani la pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu biashara ya vitu vichache tu, kama vile vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1918 vyenye umuhimu mkubwa wa kisanaa, au vya kabla ya mwaka 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10. Hata huko, ni lazima kitu kisajiliwe au kipewe cheti kabla ya kuuzwa.

Namna ya kutambua

Si kila pambo la kale linalofanana na pembe ni pembe. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari myembamba inayokatizana kama wavu. Jino la kiboko halina wavu huo. Mfupa wa ng'ombe huwa na vidoa au vijistari vyeusi vidogo, ambavyo ni njia za mishipa ya damu. Pembe ya ng'ombe huwa na matabaka, na plastiki mara nyingi huwa na mshono wa kalibu.

Nywele za tembo, zikichomwa kidogo, hutoa harufu kama ya kwato inayoungua na kubaki majivu, ilhali nailoni huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Hata hivyo, majaribio ya namna hiyo huharibu kitu na hayawezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa mtaalamu.

Visahani vya konokono pia vina bandia zake. Ukoloni uliposhamiri, wafanyabiashara wa Ulaya waliingiza visahani vilivyofanana navyo, vilivyofinyangwa kwa udongo mweupe wa vikombe na baadaye kwa plastiki. Viwanda vya vioo vya Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Czech, vilitengeneza shanga zenye umbo la meno na kucha za wanyama kwa ajili ya soko la Afrika. Bandia hizo leo zenyewe ni vitu vya kale, na faida yake kubwa ni kwamba hazina damu ya mnyama wala kesi.

Umbo libaki, mnyama abaki

Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, alama nyingi za utemi zilibaki mikononi mwa familia, nyingine zikapotea na nyingine zikauzwa. Mfano mzuri wa njia tofauti ni Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Huko alama za tawala mbalimbali za Kisukuma zinahifadhiwa na kuonyeshwa, zikiwa zinajulikana ni za ukoo gani na zilitumika vipi. Tofauti yake na vitu vingi vya Afrika Mashariki vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya ni kubwa, kwani vingi kati ya hivyo vilichukuliwa bila kuandikwa jina la aliyevivaa.

Familia ya Kabungu, au ya kijiji kingine chochote, yenye pambo la namna hiyo ina mambo machache ya kufanya. Kwanza ni kutokuliuza wala kulisafirisha. Pili ni kuandika historia yake maadamu wazee wapo hai: nani alilivaa, katika sherehe gani, na lilifikaje katika ukoo. Tatu ni kutoa taarifa kwa hiari katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya na kuuliza utaratibu wa hati ya umiliki au wa kulikabidhi makumbusho. Anayetoa taarifa mwenyewe huwa katika nafasi tofauti na anayekutwa nalo kizuizini.

Kwa upande wa mafundi, malighafi halali ipo. Mifugo ya Katavi hutoa pembe na mifupa ya ng'ombe ambayo, ikisafishwa na kung'arishwa, hutoa bangili nzuri zenye rangi kati ya nyeusi na ya maziwa. Waya wa shaba bado huvutwa na kusokotwa, na kiini cha sambo kinaweza kuwa nywele za mkia wa ng'ombe. Mpanda imejulikana kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, na hakuna sheria inayomkataza sonara kuifua dhahabu hiyo kwa umbo la kucha ya simba, ilimradi ameinunua kihalali na kucha yenyewe imebaki kwa simba.

Historia ya pambo hili inaonyesha kuwa wazee hawakuogopa kubadili malighafi. Walipokea waya wa ng'ambo, shanga za kioo na hata visahani vya udongo, wakavipa maana yao wenyewe. Kilichodumu ni umbo na heshima iliyoambatana nalo. Tembo aliyekatwa mkia hawezi kurudishiwa nywele zake. Bangili ya ng'ombe, kama imesokotwa kwa mkono uleule wa kale na kukabidhiwa mjukuu pamoja na habari zake, inaweza kurithiwa mara nyingi bila mtu yeyote kuificha sandukuni.